Filta ya Marehemu Kaimenyi

Kilichomshtua Karimi kwanza kilikuwa unyoya wa kuku. Ulilala vumbini mbele ya gereji ya mumewe pale Ishiara, saa sita mchana, jua limewaka hata mbuzi wamejibanza ukutani, na upepo hata wa kutikisa jani haukuwepo. Unyoya ukainuka. Ukaambaa chini polepole hadi kwenye pikipiki kubwa iliyoletwa asubuhi, ukapanda gurudumu, ukapenya chini ya kiti, ukavutwa ndani fyu!

"Baba Mutugi," akamwita mumewe, "hii pikipiki umezima?"

Gachoki akamwonyesha ufunguo. "Imezimwa tangu saa tatu. Kwa nini?"

"Imevuta unyoya."

"Ni upepo."

"Upepo gani?"

Gachoki akacheka. Alikuwa mtu mpole, fundi ambaye angeweza kuisikiliza injini akiwa amefumba macho kisha akautaja ugonjwa wake. Kwa miaka kumi na minane ya ndoa, Karimi hakuwahi kumsikia akipandisha sauti. Yeye mwenyewe aliuza vipuri katika duka lililopakana na gereji, na mchana walikula pamoja.

Pikipiki ile ilikuwa ya zamani, ya silinda nne, ya kwenda safari za mbali, yenye kioo mbele na masanduku mawili ubavuni. Iliachwa na Kaimenyi, mtu wa Mitunguu aliyewazungusha watalii Malindi kwa miaka mingi, akarudi nayo nyumbani, akafa. Aliyeileta ni ndugu yake Vincent, mkulima wa ndizi. Aliibeba kwenye pikapu.

"Inakosa pumzi," Vincent alikuwa amesema. "Ikipanda mlima inakohoa. Badilisha tu filta ya hewa, niuze." Alimkabidhi Gachoki filta mpya ndani ya boksi lake, akavuka barabara, akasimama ng'ambo kama mtu aliyekuja kutazama nyumba ikiungua. Hata maji hakukubali, na kabla ya saa sita akawa ameondoka.

Baada ya ule unyoya, Gachoki alianza kazi. Alitoa kiti, akafungua bolti za tangi, akachomoa mpira wa petroli, kisha akamwomba Karimi amsaidie kuliinua tangi. Chini yake palikuwa na kasha jeusi la plastiki, lile ambalo injini hupitishia hewa. Gachoki akafungua skrubu nne. Alipogusa ya mwisho, kifuniko kikapanda kidogo, kikashuka. Kikapanda tena. Kikashuka.

"Umeona?" Karimi alinong'ona.

"Joto," Gachoki akasema, lakini sauti yake haikuwa na kicheko.

Alikifungua. Filta ya pikipiki ni karatasi iliyokunjwakunjwa, na ikichakaa hujaa vumbi na wadudu. Ile ilikuwa imelowa, nyekundu, na baina ya mikunjo yake palikuwa na nywele za mtu, na vikaratasi vilivyoandikwa kwa wino mwekundu na kufungwa kwa uzi mweusi. Ilikuwa na joto kama ini lililotoka sasa hivi kwenye ng'ombe.

"Iache," Karimi akasema. "Rudisha kifuniko, umpigie mwenyewe."

"Ni uchafu tu, Mama Mutugi. Watu wa pwani wana mambo yao." Akaivuta. Ikang'ang'ania. Akaivuta kwa mikono miwili, ikang'oka kwa mlio wa jino linalotoka kwenye fizi, na kutoka ndani ya kasha ukaja mshindo wa hewa ukamgonga usoni, hewa yenye harufu ya udi na marashi na, chini ya hayo, mzoga. Gachoki akakohoa mara moja. Akaibeba ile filta hadi kwenye moto wa takataka nyuma ya gereji, akaitupa. Mbuzi wote wakakata kamba.

Baada ya hapo kazi ilienda vizuri mno. Alifuta kasha, akatia filta mpya, akarudisha tangi na kiti. Injini ikawaka kwa mguso mmoja, ikaunguruma vizuri kama simba aliyeshiba.

Wakakaa dukani kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Karimi alikuwa anasimulia habari za shule ya mtoto wao Mutugi alipoona kitu kilichomfanya aache kijiko hewani. Shati la Gachoki lilikuwa wazi kifuani, na kifua hakikusogea. Mumewe alitafuna, akameza, akamtazama, lakini hakuvuta pumzi. Karimi alihesabu kimya hadi sitini. Akahesabu tena.

"Baba Mutugi," akasema polepole, "wewe uko sawa?"

Gachoki akaweka sahani chini. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusema "hii kiti" na "ile maji", mwenyewe akijicheka. Sasa kinywa chake kilifunguka, ikatoka sauti laini ya mtu wa pwani.

"Ewe mke, ni nani aliyekupeni ruhusa ya kuivunja nyumba yangu? Nimekaa mle miaka kumi na minne, simbughudhi asiyenibughudhi. Nyumba mmeitia moto. Basi nitakaa humu." Akajigonga kifua, nacho kikalia kama debe tupu.

Karimi alipiga mayowe. Aliyekuja mbio alikuwa Kathuri, mchomeleaji wa vyuma wa kibanda cha pili, rafiki waliyesali naye kanisa moja. Aliingia na miwani yake ya kazi bado usoni, akamshika Gachoki bega akisema, "Ndugu yangu, ni nini?" Hakupata kuuliza la pili, kwani Gachoki alimkamata koo kwa mkono mmoja, akamwinua, akampiga mgongo ukutani hata rafu ya vipuri ikawaangukia, akampiga tena, na mifupa ilipovunjika Karimi aliisikia, kisha akambana chini kwa magoti, akaweka mdomo wake juu ya mdomo na pua za Kathuri, akaanza kuvuta, akivuta bila kukoma, mpaka kifua cha Kathuri kikabonyea katikati na macho yake nyuma ya miwani yakajaa damu. Karimi alimpiga mumewe mgongoni kwa spana kubwa, mara tatu, mara nne, mpaka spana ikaruka mkononi, naye hakuhisi.

Ilibidi waje wanaume saba wa soko. Wawili walitoka na mikono iliyovunjika. Walimfunga Gachoki kwa mnyororo wa kuvutia magari, wakamtia kufuli kwenye nguzo ya chuma ya gereji, na Kathuri akapelekwa hospitali akikoroma. Mchungaji alikuja kuomba; mfungwa akamtemea jino lake mwenyewe.

Karimi alimpigia Vincent simu. "Ukikosa kuja," alimwambia, "hii kitu nitaileta kwa mlango wako. Na ukuje na mtu anaijua."

Vincent alifika asubuhi iliyofuata saa nne, pamoja na mwanamke mzee mwembamba aliyeitwa Gatakaa, muuza mitumba wa Kianjai, ambaye aliwahi kuolewa Lamu na kukaa huko miaka thelathini. Gatakaa alimtazama Gachoki kwa mbali, akanusa hewa, akamgeukia Vincent. "Sema ukweli. Leo hii."

"Kaimenyi alipewa hiyo kitu huko Malindi," Vincent akanong'ona. "Alikuwa anaendesha siku mbili bila kulala, bila kuchoka. Ilikuwa inampatia pumzi. Halafu ikaanza kudai yake. Tulimpata ameweka mdomo hapo kwa hiyo kasha, kifua imebonyea kama mkebe."

"Na ukamletea mume wangu?" Karimi akauliza.

"Mafundi wa Mitunguu walikataa, Mama Mutugi. Nilifikiri ni filta tu. Nilifikiri itatoka nayo."

Karimi alimpiga kofi lililompeleka chini. Gatakaa akamshika mkono kabla ya la pili.

"Tutamhitaji," akasema. "Sikia, mwanangu. Huyo jini akiwa kifuani kwa mtu, mimi simwezi. Dua zangu zitamshika tu, hazitamtoa. Lakini miaka hiyo yote alizoea kuvutwa na injini, na filta ndiyo ilimkinga asipite. Injini ikivuta kwa nguvu bila filta, atapita. Na huko ndani kuna moto. Nani anajua kuifungua?"

Mafundi wote wa Ishiara walikuwa wamekimbia.

"Mimi," Karimi akamjibu bibi huyo. "Nimemwangalia miaka kumi na nane, cucu."

Akatoa kiti. Akafungua bolti, akachomoa mpira, akaliteremsha tangi peke yake. Skrubu nne. Akaing'oa ile filta mpya, akaona imeshaanza kuwa nyekundu. Akatundika chupa ya petroli darini na kuiunganisha kwa mpira, kama alivyokuwa akifanya Gachoki, kisha akamwambia Vincent ashike mpini wa mafuta na asiuachie hata akiona nini.

Injini ikawaka. Kasha lililo wazi likafyonza hewa kwa mvumo. Gatakaa akaanza kusoma dua zake, mkono wake kwenye kisogo cha Gachoki, na Karimi akasukuma pikipiki mpaka kwenye nguzo, akamshika mumewe kichwa kwa mikono yote miwili, akaukandamiza mdomo wake kwenye lile tundu.

Alijua jini atapigana. Hakujua kwamba atasihi. "Mwanangu, usinitie motoni," ile sauti ya pwani ililia. Mnyororo ukakaza hata nguzo ikapinda. Kisha ikaja sauti nyingine, aliyoijua kuliko yake mwenyewe: "Mama Mutugi, ni mimi. Unaniua. Hii kitu inanitoa mapafu, Karimi, niachilie," na mikono ya Karimi ikalegea kidogo tu, nayo meno yakageuka ghafla, yakafunga juu ya vidole vyake viwili, yakatafuna mpaka mfupa ukatoa mlio, na Karimi akapiga kelele lakini akakandamiza tena kwa mkono huohuo unaomwaga damu, akimwambia Vincent, "Ongeza! Ongeza!", na injini ikapaa, moshi mwekundu ukaanza kutoka kwenye ekzosi, mzito, ukinuka nyama, na kitu kirefu chenye joto kikapita kati ya viganja vyake, kikitambaa kutoka kooni kwa mumewe kuingia ndani ya chuma, kikipiga kelele ambayo mwisho wake ulikuwa ni kelele ya injini yenyewe. Silinda zikapasuka. Kipande cha chuma kikampita Vincent, kikamkata sikio. Kukawa kimya.

Gachoki alikuwa amelala ubavu, na kifua chake kikipanda na kushuka.

"Amepita," Gatakaa akasema, akakaa chini. Vincent alilia sikio lake limo mkononi. Karimi alijifunga kitambaa kwenye vidole vilivyotafunwa, akamfuta mumewe damu usoni. Hapo simu ikalia. Ilikuwa hospitali. Alisikiliza, akaizima.

"Kathuri ameenda," akamwambia kwa sauti ya chini. "Lakini si wewe, Baba Mutugi. Ilikuwa hiyo kitu."

Gachoki alilia kwa muda mrefu, akivuta pumzi kwa shida. "Nakumbuka yote," akasema. Ilikuwa sauti yake kweli, na Gatakaa, aliyemkazia macho, akatikisa kichwa kuthibitisha kwamba humo hamna mwingine.

Karimi akatoa ufunguo wa kufuli.

"Usinifungue."

"Imetoka. Cucu amesema imetoka."

"Imetoka. Nimebaki mimi peke yangu." Aligeuza uso ukutani ili pumzi ya mkewe isimfikie. "Pumzi ya Kathuri ilikuwa tamu, Karimi. Hujawahi kuonja kitu kama hiyo. Na bado naitaka. Ita polisi. Na usinikaribie."

Karimi akarudi nyuma hatua moja. Kisha nyingine. Ufunguo akautia mfukoni, na kwa mkono wake uliobaki mzima akatafuta namba ya kituo cha polisi.