Hata Karoti Huhesabiwa

Asubuhi Butembo huwa na baridi. Kabla ukungu haujaondoka, Jokébed alikuwa ameshawasha moto jikoni. Alikaanga yai kwa mafuta mengi ya mawese. Akakata avoka, akaiweka pembeni ya sahani. Hicho kilikuwa chakula cha Abigaïl, binti yake wa miaka saba. Bugali, ule ugali wa muhogo, haikuwemo. Ndizi haikuwemo. Hata chai haikutiwa sukari.

Abigaïl alikula akiwa amekaa mlangoni, mbali na moto. Mama yake alikuwa amelaza kigogo cha mti sakafuni, na mtoto hakuruhusiwa kukivuka. Mwaka uliopita kifafa kilimwangusha motoni. Vidole viwili vya mkono wa kushoto viliungua, vikapona vikiwa vimeshikana. Tangu siku hiyo, baridi iwe kali namna gani, Abigaïl hakuota moto.

Zamani alikuwa na vidonge. Vita vilipokaza, vidonge havikufika tena mjini. Jokébed alizunguka maduka yote ya dawa, akarudi mikono mitupu. Ndipo akampeleka mtoto mji wa Beni, kwa daktari Gamaliel. Daktari alimlaza hospitalini, akampima damu na mkojo. Kisha akamwanzishia chakula cha mafuta mengi, sukari na unga kidogo sana.

"Mutu asianze kitu kama hii yeye moja ku nyumba," aliwaambia akina mama waliokuwa wodini. "Bila muganga, inaweza kuumiza mutoto." Akamgeukia Jokébed. "Mboga ya majani anaweza kula. Na mboga yote, Mama Orpa atakuonyesha namna ya kupima."

Mama Orpa alikuwa muuguzi, jirani yao huko Butembo. Lakini waliporudi, walikuta ametumwa Kasugho kutibu watu waliokimbia vita. Jokébed alibaki na nusu ya maneno ya daktari. Alikumbuka kwamba mtoto anaweza kula mboga. Hiyo ya kupima ilimtoka.

Kifafa kilitulia. Kwa wiki kadhaa nyumba ile ilipumua.

Jokébed alikuwa mfanyabiashara wa karoti. Alizinunua kwa wakulima wa milimani, akazipakia kwenye lori la kwenda kusini. Mume wake, Mathe, ndiye aliyesafiri nazo. Safari ya mwisho Mathe alipita Kirumba, huko kusini, salama. Nyuma yake askari wakafunga barabara. Tangu hapo hakuna lori lililopita, na hakuna mtu aliyeleta habari za Mathe. Magunia ya karoti yalijaa sebuleni, hayana pa kwenda.

"Maman, nipatie bugali," Abigaïl alilia. "Kidogo tu."

"Hapana. Kamata karoti."

Mtoto alitafuna karoti asubuhi, mchana na jioni. Jokébed alifurahi. Angalau kuna kitu cha kumnyamazisha, na mali haiozi yote. Kwao Butembo mtu akila mboga bila bugali husema bado hajala. Basi nani angefikiria kuhesabu mboga?

Jumapili, walipotoka kanisani, Abigaïl alianguka uani. Mikono na miguu ilimtetemeka, povu likamtoka mdomoni. Jokébed alimlaza ubavu, akamwekea kitenge chini ya kichwa. Hakumtia kitu chochote mdomoni, kama alivyofundishwa hospitalini. Alisubiri mpaka mtetemeko ulipoisha. Kesho yake mtoto alianguka tena, na siku iliyofuata tena.

Kahongya, mama yake Mathe, alikaa mlangoni akitazama yote hayo. Alikuwa mwanamke mkali, na hofu ilimzidishia ukali.

"Ile chakula ya Beni ni ya bongo, ni uongo tu," alisema. "Mutoto anakonda bure. Leo unamupikia bugali."

"Mama, muganga alikataza."

"Muganga iko Beni. Sisi tuko hapa. Banasema baaskari banakuya. Siku batu batakimbia, utafanya namna gani? Ataanguka mu njia, na hakuna mutu atamugusa. Utabakia naye mu majani wewe moja."

Hilo ndilo lililomnyima Jokébed usingizi. Watu wa mtaa walikuwa wameshafunga mizigo. Aliwajua vizuri. Ni watu wema, lakini mtoto akianguka na kutoa povu, hurudi nyuma wote. Alikata tamaa. Akateka maji kwenye sufuria, akachukua unga wa muhogo.

Maji yalikuwa yanaanza kuchemka Mama Orpa alipobisha hodi. Alikuwa amerudi kutoka Kasugho kwa miguu, tope hadi magotini. Jokébed alimweleza yote kwa mkupuo mmoja, huku akilia.

"Toa kwanza ile maji ku moto, Mama Abi," Orpa alisema. "Nipatie mukojo ya mutoto mu kopo."

Alichovya kikaratasi chembamba kwenye mkojo. Mwili ukiunguza mafuta vizuri, karatasi ile hugeuka rangi ya zambarau. Walingoja. Karatasi haikugeuka.

"Kuna kitu anakula," Orpa alisema.

"Hapana. Sijamupatia hata tonge moja."

"Na koko yake?" Orpa alimgeukia bibi.

"Mimi nilitaka," Kahongya alijibu. "Mais sijamupatia bado."

"Donc jana alikula nini?"

"Yai, avoka, mafuta," Jokébed alisema. "Na mboga."

"Mboga gani?"

"Karoti."

"Karoti ngapi?"

Jokébed alishangaa. "Mais karoti, nani anahesabu? Ni mboga tu."

Orpa aliyatazama magunia yaliyojaa sebuleni. Kisha akaomba kikopo kitupu cha nyanya na punje za mahindi, akahesabu punje kumi, akaziweka juu ya meza.

"Muangalie muzuri," alisema. "Bugali iko na sukari ndani yake, hata kama ulimi haisikie. Mboga pia iko nayo. Tuseme punje moja ni kipimo kimoja kidogo cha ile sukari. Daktari alimupatia Abigaïl punje kumi kwa siku moja. Zikipita, mwili unaacha mafuta, unarudilia sukari. Pale kifafa inapata mulango."

"Na lengalenga?" Kahongya aliuliza juu ya mchicha wao. Hasira ilikuwa imeanza kumshuka.

"Lengalenga yenye kuiva, kikopo kimoja, ni punje mbili. Upime kisha kupika, juu majani inapunguka mu sufuria. Shu, ile kabichi, ni punje tatu. Kitunguu ni sita, hata ile ya mu supu. Maharagi, kikopo kimoja tu inamaliza zote kumi."

"Maharagi haina sukari," Kahongya alibisha.

"Ulimi haijue kuhesabu, Mama. Kikopo ndiyo inajua."

"Na karoti?" Jokébed aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Karoti mbichi ni punje tano. Katakata zile Abi alikula jana, utie mu kikopo."

Jokébed alikatakata karoti. Akajaza kikopo, Orpa akasogeza punje tano. Akajaza tena, Orpa akasogeza tano zilizobaki. Meza ilikuwa tupu, na bado rundo la karoti lilikuwa mbele yake. Akajaza tena. Hapakuwa na punje ya kusogeza. Kikopo kilimponyoka, vipande vikamwagika sakafuni.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi nilimuangusha mutoto yangu."

Aliona aibu, na aibu ile ilimchoma kuliko yale mafuta ya moto ya kila asubuhi. Alikuwa amemnyima mtoto tonge huku machozi yakimtoka, kisha akampa sukari kwa mikono yake mwenyewe, gunia zima.

Orpa alimshika bega. "Haukujua, na mimi sikukuwa hapa ya kukuambia. Leo unajua. Karoti hapana sumu. Wewe na koko, mukule. Kwa Abi tu ndiyo tunahesabu."

Kahongya aliinuka, akayamwaga maji ya sufuria, akaurudisha unga wa muhogo kwenye mfuko.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Abigaïl aliweka punje kumi kwenye kifuniko cha sufuria. Kila mboga ilipopimwa, alitoa punje zake mwenyewe. Zikiisha, mboga zimeisha. Alilia karoti siku za kwanza, na bibi yake alimbembeleza badala ya kugomba. Orpa alikuja na karatasi zake. Karatasi ikageuka zambarau, na kifafa kikatulia tena.

Mathe hakurudi. Karoti zilioza sebuleni, harufu yake ikajaa nyumba. Jokébed alizimwaga shimoni gunia baada ya gunia.

Kisha milio ya bunduki ilisikika upande wa kusini, na mtaa wote ukashika njia ya Beni. Jokébed alibeba chupa ya mawese, avoka na blanketi. Punje alizifunga kwenye ncha ya kitenge. Kahongya alibeba Biblia na sufuria. Abigaïl alibeba kikopo.

Mvua iliwanyeshea njia nzima. Kila mtu aliyetoka upande wa Kirumba, Jokébed alimwuliza kuhusu Mathe. Wote walitikisa kichwa. Mara nyingi aligeuka kumtazama mtoto, roho juu. Abigaïl alitembea kwa miguu yake, amelowa, amechoka, na hakuanguka.

Beni walipokelewa kwenye ukumbi wa kanisa. Mwanamke mmoja alikuwa anagawa maharagi. Alimpa Abigaïl bakuli lililojaa. Mtoto alilitazama kwa njaa, akameza mate.

"Wasingya, mama," alishukuru. "Mais hii itamaliza punje yangu yote." Akamrudishia.

Yule mwanamke hakuelewa. Jokébed alielewa, akageuza uso.

Daktari Gamaliel alimpima Abigaïl, akasema waendelee vilevile. Siku ya kubadilisha chakula atawaambia yeye mwenyewe, si kabla.

Jioni watu waliwasha moto chini ya baraza la kanisa, wakauzunguka. Kando ya Jokébed palikuwa na nafasi. Bila kufikiri alikuwa ameiacha kwa ajili ya Mathe. Abigaïl alisimama mbali, ameegemea ukuta, ameuficha mkono wake mbovu kwapani kwa baridi.

"Abi," Jokébed aliita. "Kuya uote moto."

Mtoto alitazama chini kwanza, akikitafuta kile kigogo. Hakikuwapo. Akaja polepole, akakaa kwenye nafasi ile, akanyoosha mikono yote miwili. Jokébed alisogea mbele kidogo, akawa kati yake na moto. Akashika upindo wa gauni la mtoto, akaushikilia mpaka moto ulipozimika.