Makaa Aliyoyachimba Horace

Horace Lumb alirudi kutoka mgodini saa tisa alasiri, kama kawaida. Alikunywa chai, kisha akawasha moto sebuleni. Alikuwa amechimba makaa ya mawe miaka thelathini na moja, na makaa aliyajua kama viganja vyake.

Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Baraza la mji lilikuwa limepiga marufuku moshi mtaani kwao. Watu walitakiwa kuchoma makaa yaliyoidhinishwa tu. Mgodi, uliokuwa ukiwapa wachimbaji wake makaa ya nyumbani, nao ukaanza kumletea Horace matonge ya makaa yasiyo na moshi, ya kijivu, ya mviringo kama mayai. Hakuyapenda hata kidogo. Bandani alikuwa na akiba ya makaa yake ya zamani. Basi kila siku mekoni aliweka ya zamani chini, matonge juu, ili mtu akichungulia aone anafuata sheria.

Mkewe, Nellie, alikohoa toka asubuhi mpaka jioni. Wiki ile daktari alisema wazi: moshi ukiendelea, Nellie ahamie kwa dada yake pwani mpaka baridi iishe. Horace aliingiwa na hofu. Tangu waoane walikuwa hawajawahi kutengana. Hata hivyo makaa hakuyaacha.

Jumamosi alikuja jirani yao, Sheila Hirst. Binti huyu alifanya kazi kwenye maabara ya kupima makaa.

"Hodi! Unaendeleaje, Mama Nellie?"

"Naendelea kukohoa, mwanangu. Karibu."

Sheila aliinama mbele ya meko. "Mzee Lumb, huku chini umeficha nini?"

"Nifiche nini? Hayo nimeyachimba mwenyewe!" Horace aling'aka. "Mayai yenu hayawaki. Nimeyapigia magoti, nimeyapuliza, wapi!"

"Amepiga magoti zaidi kuliko anavyopiga kanisani," Nellie akasema. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Unayawashaje?" Sheila aliuliza.

"Kama makaa. Narundika, halafu nachokora kwa chuma."

"Ndiyo maana. Anza na vijiti vikavu. Vikishika, weka matonge machache tu. Fungua mlango wa hewa huku chini. Yakiwa mekundu, ongeza mengine. Halafu kaa mbali na hicho chuma chako."

"Nisichokore? Sasa mikono niifanyie nini?"

"Kosha vyombo," akasema Nellie.

Horace hakucheka. "Na nani kasema hayana moshi? Muuzaji?"

"Muuzaji hawezi kujisemea. Anatuletea sisi kwanza. Tunayachoma kwenye meko kama haya, tunaunasa moshi, tunaupima. Ukizidi kiwango, tunayakataa. Usipozidi, yanaandikwa kwenye orodha ya yaliyoruhusiwa. Lakini tulipima matonge peke yake, Mzee. Ukichanganya na haya yako, ile idhini haina maana tena."

Alitoa mkobani karatasi mbili za kuchujia moshi. Ya matonge ilikuwa na rangi hafifu ya kijivu. Ya makaa ya kawaida ilikuwa nyeusi tii.

Horace aliishika ile nyeusi. Ilifanana na leso yake akitoka shimoni. Kisha akamtazama Nellie, ambaye alikuwa amefunika mdomo kwa leso yake mwenyewe. Akamwomba aione. Ilikuwa na madoa meusi. Nellie hakuwahi kushuka shimoni hata siku moja.

"Mungu wangu," alisema Horace. "Ni mimi."

Aliuondoa moto ule kwa koleo, akautoa nje. Akaanza upya kwa vijiti, Sheila akimwelekeza. Mara mbili mkono wake ulikwenda kwenye chuma, na mara mbili Nellie aliguna. Baada ya nusu saa matonge yalikuwa mekundu, na chumba kilikuwa na joto zuri. Sheila alimwita Horace nje wakaangalie dohani. Juu yake hakukuwa na moshi, hewa ilikuwa ikitetemeka kidogo tu.

Jumatatu Horace alirudisha akiba yote ya bandani mgodini. Wiki sita zikapita. Daktari alisikiliza kifua cha Nellie mbele na nyuma, akasema amepata nafuu kubwa, hana haja ya kuhama.

Walirudi nyumbani. Mlangoni Horace akamshika mkono.

"Ungeondoka ningekufa, Nellie."

"Najua," alisema Nellie. "Hata yai huwezi kuchemsha. Ingia ndani, baridi hii."