Picha Safi Kwenye Ukuta Mweusi

Kila Desemba, watu wa Windhoek walipoanza kulikimbia joto na kuteremkia Swakopmund, mji wa pwani alikoishi Magano, kazi yake ilikuwa ileile: kuzishusha picha za familia ukutani, kuzifunga kwa mashuka na kuzipeleka gereji. Huko ndiko alikolala na baba na mama yake, Tate na Meme, mpaka Januari, huku wageni wakilala vitandani mwao. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Pango walilolipa wageni ndilo lililomlipia Magano ada ya shule.

Mwaka huu alikuja Bwana Tjiueza na familia yake. Jumamosi jioni ukungu ulitanda, upepo ukavuma kwa ukali, na soseji zake zikakataa kuiva uani. Akaliingiza jiko la mkaa ndani. Pazia likashika moto.

Magano alisikia mayowe. Alipotoka gereji, dirisha la jikoni lilikuwa limepasuka na moto ukitoka nje kupitia hapo. Wageni wote walikuwa uani, wazima. Zimamoto walipoondoka, makabati yalikuwa mkaa mtupu, na kuta zilikuwa nyeusi tii hadi sebuleni.

"Afadhali tuna bima," Meme alisema.

"Bima wanajua tunaishi sisi humo," Tate alijibu kwa sauti ndogo. "Habari za wageni hawana."

"Hukuwaambia?"

"Niwaambie ili waniongezee malipo? Na watu wa kodi ya mapato nao wasikie?"

Asubuhi, wageni walipokwisha kuondoka, Tate alimwamuru Magano azirudishe picha ukutani. "Mkaguzi wa bima akija, sisi ndio tuliokuwa tunapika. Umesikia?"

Magano alimkodolea macho. Huyu ndiye baba aliyewahi kumrudisha dukani kwa sababu ya peremende moja aliyozidishiwa! Alizitundika picha moja moja.

Mkaguzi, Bi. Garoes, alipita jikoni akiandika, akaja sebuleni na kusimama mbele ya picha ya harusi. Kioo chake kiling'aa. Alikipitishia kidole, kidole kikatoka kisafi. Akaiinua picha. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi vilevile.

"Hee! Moshi wa nyumba hii una adabu," alisema. "Umepaka mpaka nyuma ya picha, bibi harusi ukamwacha na weupe wake."

Tate alicheka kicheko kikavu. "Binti yangu alizipangusa."

"Ni kweli, binti?"

Magano alimtazama baba yake, akaona jasho likimtiririka, akamhurumia. Hata hivyo hakuweza kudanganya. "Hapana. Picha zilikuwa gereji. Tulikuwa tumewapangisha wageni."

Meme alijiziba mdomo. Tate akainamisha kichwa. "Amesema kweli," alikiri. "Uongo nilimfundisha mimi."

Bi. Garoes aliikunja fomu ya madai. "Ungetia saini hapa, Tate, ningekupeleka polisi. Fidia hupati. Lakini ungetupigia simu kabla ya wageni kuja, ungeongeza malipo kidogo tu, na leo tungekuwa tunakutengenezea jiko."

Bwana Tjiueza, kwa aibu, alinunua makabati mapya. Kuta alizipaka Tate mwenyewe, na kwa miezi mingi walipikia gereji. Hata ofisi ya kodi alikwenda kwa miguu yake, akaeleza pango lote alilolificha. Alipigwa faini, akaruhusiwa kuilipa kidogo kidogo.

Desemba iliyofuata Magano alileta mashuka, akanyoosha mkono kuishusha picha ya harusi.

"Ngoja kwanza," alisema Tate, simu sikioni. Aliwaeleza bima kila kitu: wageni ni akina nani, wanafika lini, wanaondoka lini. Alipomaliza, alimgeukia binti yake.

"Nilidhani nawakwepa bima na watu wa kodi, kumbe nyumba yetu wenyewe niliiacha bila ulinzi. Ukipangisha, mwanangu, sema wazi na ulipe kinachotakiwa. Na usikubali mtu akufundishe uongo, hata akiwa baba yako."

Akamshikia kiti apande. "Haya, sasa zishushe."