Uso wa Bikira Uliokwanguliwa

Enzi za utawala wa Wahispania, uwanja mkuu wa jiji la Meksiko ulifurika watu siku kijana Bernabé alipokikanyaga kikapu cha Nikolasa. Vipande vya ganda la chaza vikamwagika kati ya wauza pilipili, viking'aa.

"Miguu yote hiyo ya nini, punda wewe!" Nikolasa alifoka, sketi yake nyekundu imejaa vumbi.

"Punda akiona majani mabichi hatazami chini, dada."

Nikolasa akacheka. Kufika Kwaresima, Bernabé alikuwa ameajiriwa kuwa mchoraji kwenye karakana ya picha takatifu ya baba yake Nikolasa. Binti alipachika vipande vya chaza kwenye mavazi ya Bikira Maria pichani, kijana akapaka juu yake rangi nyepesi, na nguo zikameta kama maji.

Asubuhi ya ukaguzi wa Kanisa, Nikolasa alifunua ubao wa picha mpya. Bikira alikuwa na macho ya Nikolasa, kidevu chake, hata kidoa chake cha mdomoni.

"Umenichora mimi?"

"Kila nikishika brashi unakuja mwenyewe, mpenzi."

"Mpenzi gani wa kunitia gerezani! Watasema najiweka mahali pa Mama wa Mungu. Baba watamfungia karakana. Na wewe watakuchapa hadharani!"

"Nilidhani utafurahi."

"Umejifurahisha mwenyewe!"

Akachukua kisu, akaukwangua uso mpaka plasta nyeupe ikatokea. Bernabé aligeukia ukutani, hakutaka kuona.

Mlango ukagongwa.

Padri Olmedo, mkaguzi wa picha takatifu, aliingia, akainama karibu na ubao. "Mbona hana uso?"

"Uso huchorwa mwisho, Padri," Nikolasa alijibu. "Mchoraji hufunga na kuungama kwanza."

"Ameungama?"

"Jana," alisema Bernabé.

"Basi achore. Nitangoja."

Akavuta kiti, akaletewa kikombe cha chokoleti ya moto. Nikolasa alijitanda shali mpaka puani, akajibanza nyuma ya mlango, akachungulia. Bernabé akachovya brashi. Likatokea jicho la kwanza. Mungu wangu, nisiwe mimi. La pili. Kisha pua pana, na kope nzito za mwanamke aliyezoea moshi wa jikoni. Nikolasa akashusha pumzi.

Padri alitazama mpaka chokoleti yake ikapoa kikombeni. "Ni nani huyu?"

"Hayuko duniani, Padri."

Padri akaubariki ubao, akaenda zake.

"Ni nani?" Nikolasa naye aliuliza.

"Marehemu mama yangu." Bernabé alikuwa ameketi chini, jasho linamchuruzika. "Niliogopa, nikamwita." Akamshika vidole. "Sasa ameshakuona. Nimwambie umekubali kuwa mkwewe?"

"Ngoja kwanza meno yangu yaache kugongana," alisema Nikolasa, na mkono wake hakuuachia.