Gauni Lisilo na Waya

Soko jipya lilikuwa limejaa watu wa jioni, na binti yangu amesimama katikati ya njia, kichwa juu, anatazama paa. Wenye mizigo wanampiga vikumbo, yeye hana habari. Sketi yake ya kijani ilikuwa na chaki mapajani, maana yeye ni fundi cherehani.

"Dada, unahesabu popo?" akauliza kijana mmoja. Shati la buluu, kofia ngumu kwapani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nahesabu mikunjo. Paa kubwa hivi, nguzo ziko wapi?"

"Hakuna. Msanifu aliyelichora alikunja zege kama karatasi. Mikunjo yenyewe ndiyo inabeba." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunja mara nyingi, akaweka simu yake juu. Karatasi haikulala. "Mimi injinia. Nimekuja kukagua nyufa."

"Umeziona?"

"Nilikuwa naendelea vizuri mpaka nilipokuona wewe."

Tangu siku ile simu haikutulia nyumbani kwangu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nikimaliza pindo."

"Hilo pindo litaninyang'anya mchumba."

Binti alikuwa anashona gauni la maonyesho ya mafundi. Kitani cheupe, na kola kubwa imepanda juu ya mabega kwa mikunjo kama ya lile paa, imetiwa wanga, haina waya. Injinia alimpimia kina cha kila mkunjo kwa rula yake ya kazini.

"Lakini ungetia hata waya mwembamba," alimwambia siku moja. "Kwa usalama tu."

"Msanifu wako alitia nguzo?"

"Haya, nimeshindwa."

Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia. Roho yangu haikutulia. Miaka thelathini nimeshona, najua kola inavyolala. Asubuhi ya maonyesho, binti akiwa bafuni, nikapenyeza waya kwenye ukingo wa ile kola. Nikajiambia mwanangu haaibiki mbele za watu.

Ukumbini, jaji wa maonyesho akaishika kola kwa vidole viwili. "Ulisema haina waya. Na hii ni nini?" Ukumbi mzima ukacheka.

Na gauni lilikuwa limeletwa pale ndani ya gari la injinia.

"Ungesema tu kwamba huniamini," binti alimwambia pale mlangoni.

"Sijaligusa, mpenzi. Wallahi sijaligusa."

"Nani basi? Mama yangu?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yao.

Siku kumi na moja nilinyamaza. Binti hapokei simu yake, basi kijana ananipigia mimi. "Shikamoo mama. Ameamkaje? Anakula?" Najibu anakula, na sahani yake iko mbele yangu, imefunikwa. Siku ya kumi na mbili nikamkuta anabandua ukutani michoro ya lile paa aliyopewa na injinia, anaichana mmoja mmoja.

"Acha, mwanangu. Waya niliutia mimi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa chini, akachukua kiwembe, akafumua ukingo, akauvuta ule waya wote na kuuweka mapajani mwangu. Kisha akashika simu.

"Uko wapi?"

"Sokoni. Juu ya ngazi."

"Shuka. Nina neno la kukuomba radhi."

Akaenda amelivaa gauni. Nilimfuata kwa mbali, naitazama kola mpaka macho yakaniuma. Haikulala. Kijana alishuka na vumbi lake, akasimama mbali asije akalichafua.

"Sogea," binti akamwambia.

"Nitalitia doa."

"Litafuliwa."

Walinong'ona sana, sikusikia. Kisha injinia akaniona, akaja kuniamkia, akasema Jumapili atawaleta wazazi wake. Hakuniuliza la waya. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

Nawaandikia mama wenzangu: hofu zenu semeni mezani, watoto wawasikie. Msizishone ndani ya nguo zao.

Gauni la harusi limeshaanza kukatwa. Binti analishonea chumbani kwake, na mlango anaufunga kwa ufunguo.