Machozi ya Mama Hemlata

Nje ya sinema moja ya Kolkata watu walikuwa wakisukumana kugombea tiketi, na Dipankar akakanyaga pindo la sari nyeupe.

"Kaka, hiyo ni nguo, si zulia!"

Akageuka. Macho makubwa, mikono mitupu bila bangili hata moja, kama wajane wa kwao wanavyotakiwa wawe na mavazi meupe bila mapambo. Mwanamke huyo, Sharbani, alikuwa mjane tangu ana miaka ishirini na mbili.

"Samahani, dada. Na wewe umekuja kutazama filamu ya wajane?"

"Nimekuja kuona kama wamepatia."

Hapohapo Dipankar akawa hajiwezi. Ikafuata miezi ya kunong'onezana kwenye simu. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula. Lala, mchokozi wewe."

Ila kulikuwa na mama yake Dipankar, na kwao mjane kuolewa tena ni mkosi. Dipankar akajiona mjanja, akampeleka Mama Hemlata kuitazama filamu ileile. Mama alilia mpaka ncha ya sari ikalowa. "Watu gani hawa, kumtesa mtoto wa mwenzao hivi!" Wanaume bwana! Dipankar akaamini mambo yameiva, akamwalika Sharbani siku dada yake Dipankar alipopakwa manjano kabla ya harusi, ili amtambulishe kama mchumba.

Sharbani alikuja na sari ya samawati, nguo yake ya kwanza ya rangi tangu msiba. Dipankar akamnong'oneza mama yake kwamba huyu ndiye mchumba wake, na ni mjane. Akanyoosha mkono kwenye bakuli la manjano. Mama Hemlata akalivuta.

"Wewe usimguse binti yangu. Unataka na yeye afiwe?"

Sharbani akamtazama Dipankar, akitaka neno moja tu. Dipankar akainamisha kichwa.

"Mama," Sharbani alisema, "yule wa kwenye filamu ulimlilia."

"Nilimlilia, ndiyo. Yule hakuwa anamtaka mwanangu."

Sharbani alitoka mbio. Alikuwa amefika barabara kuu simu ilipoita.

"Sharbani, roho yangu, usiniache! Nitakuoa, naapa. Mama atazoea tu."

"Uko wapi?"

"Hapa mlangoni."

"Ndani au nje?"

Kwenye simu, nyuma ya Dipankar, vigelegele vilikuwa vimeanza tena.

"Ndani," Dipankar alisema. "Ngoja kwanza wamalize, nakuja."

Sharbani akakata simu. Akavuka barabara huku analia kwa sauti, na watu wakampisha.