Waya ya Bluu, Waya Nyekundu

Gilbert alichomoa waya yetu saa sita mchana, mwezi wa Agosti, Jeddah.

Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni. Alichomoa mimi nikimwona, akaanza kuikunja taratibu, bila haraka.

Ndani, dada yangu Rispah alikuwa amelala. Ana kisukari. Insulini yake yote ilikuwa kwa friji, na friji ndiyo hiyo imenyamaza...

Wasomaji wangu, nilimrukia! Nilimshika shati mpaka vifungo vikaruka.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo, msinihukumu mapema.

Tunaishi mtaa wa Baghdadiyah, nyumba kuukuu ya vyumba kumi na viwili, karibu wote Wakenya, mimi na Rispah chumba cha saba. Mwanzo wa mwaka mwenye nyumba alichoka kugombana na sisi juu ya bili. Akasema halas, imetosha, kila chumba kijitafutie stima.

Wakatokea wauzaji wawili. Gilbert akavuta waya za bluu kutoka duka la dobi hapo chini. Timothy akavuta nyekundu kutoka kwa fundi wa simu. Kila asubuhi wanatuma bei ya siku kwa grupu ya WhatsApp, na wewe unachomeka ile unayotaka.

Mwanzo ilikuwa raha. Gilbert akisema riyali tano, Timothy anasema nne. Sisi tunacheka tu, tunabadilisha waya vile mtu hubadilisha laini ya simu.

Halafu joto likaingia.

Leo nane. Kesho kumi na tano. Kesho kutwa tisa. Ukikimbilia nyekundu, unapata nayo imepanda! Na kitu cha kushangaza, wiki ya mishahara bei iko juu. Wiki tumesota, inashuka kidogo, tusihame.

Kila jioni nilimlilia mchumba wangu, Duncan. Ni fundi wa stima, zamani aliishi hapa kwetu, siku hizi yuko Riyadh, huko Batha. Alikuwa ananisikiliza vizuri sana. Anauliza nani amelipwa, nani anataka kuhama, nani anaumwa. Mimi nikaona huyu ndiye mwanaume, anajali mpaka majirani zangu. Mjinga mimi.

Wiki hiyo ya Agosti nikamwambia Duncan kwamba Rispah amepata insulini ya miezi mitatu, na kwa ajili ya hiyo friji tutalipa hata tukilala njaa.

Kesho yake bei ikatoka. Thelathini! Bluu thelathini, nyekundu thelathini. Mimi nilikuwa na ishirini.

Sasa rudi kwa shati ya Gilbert.

"Metrine, niachilie," akasema. "Mimi nimeandikwa tu. Msikize aliyenituma."

Akabonyeza voice note.

"Pandisha zote mbili. Wa chumba cha saba watalipa tu, kuna dawa kwa friji."

Ilikuwa sauti ya Duncan. Duncan wangu...

Gilbert akanieleza yote. Mita zote mbili, ya dobi na ya fundi wa simu, amezikodi Duncan. Timothy ni wake, na yeye Gilbert ni wake, na Duncan hajamlipa miezi miwili. Miezi yote hiyo tulidhani wanashindana, kumbe mtu mmoja anatupandishia bei kwa habari nilizompelekea mimi mwenyewe.

Sikulia. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Gilbert akachomeka waya yetu tena bila kuitisha hata riyali. Aibu ilikuwa imemjaa usoni.

Jioni nikampigia Duncan kama kawaida. Nikamwambia kwa huzuni kwamba Ijumaa nyumba nzima inahama, tumepata vyumba mtaa wa Balad, stima iko ndani ya kodi. Hata mimi na Rispah tunaenda.

Asubuhi bei ikatoka. Riyali mbili! Na ofa juu: ukilipa miezi mitatu mapema, bei haibadiliki.

Tulilipa wote, vyumba kumi na viwili, mimi kwa pesa ya kukopa kwa majirani. Celestine wa chumba cha nne akaandika risiti, Gilbert akatia sahihi kila moja. Kisha Gilbert akatoa mshahara wake wa miezi miwili hapo hapo, akatuma kilichobaki Riyadh.

Ijumaa jioni Duncan akapiga.

"Mbona hakuna aliyehama?"

"Na wewe inakuhusu nini, babe," nikamuuliza, "kama si wewe unauza?"

Nikamwambia Gilbert anamsalimia, na Rispah pia, yule wa dawa kwa friji. Akitaka kutukatia, apande basi hapo Batha aje akate mwenyewe, atatupata wote tumejipanga mlangoni. Nikablock. Hajaja mpaka leo.

Jamani, ukiona wauzaji wawili wanapandisha bei siku moja, fuata waya mpaka inapoishia kabla ya kushangilia ushindani. Na mtu akikuuliza kila jioni kama mna pesa, usidhani ni mapenzi. Muulize anauza nini.